Mujapani wa Lubunga

Jumatatu, 15 Septemba

Leo ni miezi saba tangu nitoke Kindu. Nilimwambia mke wangu Safi kwamba nitakaa mitatu. Naandika kwa sababu huku Lubunga, upande wa Kisangani ulio ng'ambo ya kushoto ya mto, umeme wa bwawa la Tshopo haufiki kwetu, simu inazimika mapema, na mtu asiye na wa kuzungumza naye jioni huanza kunywa. Mimi sinywi. Shule niliishia darasa la sita, basi nitaandika kama ninavyosema.

Kazi yetu ni kukata vyuma vikuukuu kwa moto wa gesi. Tumekata boti, matrekta, mapipa ya kiwanda. Sasa Monsieur Pierre, mnunuzi wa vyuma aliyetuajiri, ametuleta stesheni kukata gari moja la reli kutoka Japani. Injini yake iko chini ya sakafu, halivutwi na gari jingine. Watu wa hapa wanaliita Mujapani. Walikuja wawili, wamepakiwa kwenye boti la mizigo kutoka Kinshasa, wakafanya kazi kwenye njia ya Ubundu miaka michache. Mmoja akang'olewa vipuri vyote. Huyu wa pili akaachwa kwenye majani.

Monsieur Pierre amesema hii ndiyo kazi ya mwisho. Gari likiisha kukatwa, niko huru. Nimempigia Safi nikamwambia: katikati ya Oktoba nitakuwa nyumbani.

Jumanne, 16 Septemba

Ndani ya gari mna watu.

Tulifika na mitungi ya gesi tukakuta moshi unatoka mlangoni. Mwenzangu Sadrack, kijana wa Bukavu asiyeacha mzaha hata akiwa na homa, aligonga bati: "Hodi! Tumekuja kukata nyumba!"

Alitokea mama mnene mwenye mwiko. Ni Mama Germaine. Zamani aliwauzia abiria chakula. Gari liliposimama yeye akapanda, akafungua humo malewa yake, mgahawa mdogo, na hajashuka. Viti ni vya kijani, virefu, vimewekwa kando kando ya madirisha. Juu zinaning'inia pete za kushikilia abiria waliosimama. Katika pete hizo ametundika sufuria, vijiko na samaki wa kukaushwa.

"Papa, unataka kukata nini?" akaniuliza mimi, kwa sababu ndimi niliyeshika bomba la moto. "Ukikata hapa, batu batakula wapi? Kwako?"

"Mama, siye tuko batumikaji tu. Chef Pierre ndiye anasema."

"Bon. Huyo chef anakula wapi saa sita?"

Tulikula samaki na pondu ya majani ya muhogo, kisha tukaenda kumngoja chef.

Nimesahau kuandika kwamba kwenye chumba cha dereva alikuwamo mzee, amekaa wima, anaangalia mbele kwenye majani marefu kuliko mtu. Hakutusalimu. Sadrack amesema ni mwendawazimu wa hapa. Nami nimeona hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekasirika. Naandika nikiwa na hasira.

Yule mzee si mwendawazimu. Anaitwa Papa René, ndiye aliyeendesha Mujapani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Leo Monsieur Pierre alipokuja, mzee alishuka, akavua kofia, akasema injini ni nzima. Miaka yote hii ameizungusha kwa mkono kila juma ili isigande, na matundu yake ameyaziba kwa nta ili maji yasiingie. Akaomba msimu huu mmoja tu. Gari likitembea hadi Ubundu, litauzwa kama gari. Lisipotembea, likatwe.

Monsieur Pierre alicheka kwanza. Kisha akainama, akachungulia chini kwa muda mrefu. Ni mtu wa biashara.

"Hadi mwisho wa Oktoba, Mzee. Na hawa wawili watakusaidia."

Hawa wawili ni mimi na Sadrack. Hakuna aliyeniuliza kama nina mke Kindu.

Papa René alinijia baadaye. "Mwanangu, weye ni mutu ya Kindu. Mujapani akitembea, utafika Ubundu umekaa kwenye kiti. Pale unapanda bateau, boti ya mto, uko kwako."

Nilimwambia, "Papa, hata kwa mguu ningefika kabla ya hii gari yako."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 25 Septemba

Tunafungua vyuma chini ya sakafu. Injini hii sijawahi kuona mfano wake. Haijasimama, imelala ubavu kama mtu aliyelala mkekani, ili abiria wakae juu yake bila kuijua.

Mzee anafanya jambo la ajabu. Kabla ya kugusa kitu anakinyooshea kidole, mkono umenyooka, anakitaja kwa sauti, anakitazama, kisha anasema "yosi!" Breki, yosi! Mlango, yosi! Ndiyo maana watoto wa Lubunga wanamwita Papa Yosi. Alifundishwa na Mjapani mmoja aliyekuja na magari, akakaa mwezi mzima, akaumwa malaria mara mbili. Yosi maana yake ni kwamba kitu kiko vizuri.

"Na kwa nini kidole?" Sadrack aliuliza. "Macho ya Wajapani haioni peke yake?"

"Ukiangalia bila kidole," mzee alisema, "unaona kile uliona jana."

Tulicheka. Hata Mama Germaine alicheka. Mzee alikuwa pia na glovu nyeupe za kunyooshea kidole, kama madereva wa kule. Moja ilipotea mtoni. Ya pili Mama Germaine anaishikia sufuria za moto, na wamegombana juu yake tangu gari liliposimama.

Saa ya kula alitusimulia maisha ya kwanza ya Mujapani. Kule kwao kila asubuhi alibeba wanafunzi na watu wa ofisi, jioni akawarudisha, miaka thelathini. Kulikuwa na theluji. Lile bati kubwa la mbele lilikuwa la kuisukuma. Huku mzee alisukumia majani. Chini ya viti mna mabomba ya joto, na huku pia yalifaa: akina mama wa njia ya Ubundu wakinyeshewa, walikaa juu yake, wakashuka wakavu.

"Na kule," mzee alisema, "gari ikichelewa dakika mbili, dereva anaomba batu pardon. Na mudomo, mbele ya bote."

"Hapa angeomba pardon mpaka sauti iishe!" alisema Sadrack.

Jumatatu, 29 Septemba

Mvua. Matope hadi magotini. Simu haina chaji.

Ijumaa, 3 Oktoba

Sijui nianze wapi. Nitaanza asubuhi.

Siku hizi kazi yetu ilikuwa ni kuinua gari kwa jeki, kisha kupanga mataruma ya zamani ya reli, magogo mazito, chini yake, marundo manne, gari likae juu ili tuingie chini. Sheria ya mzee: kabla mtu hajaingia, mmoja wetu anyooshee kidole kila rundo, alitaje, alitazame, aseme yosi. Sisi tuligeuza jambo hilo kuwa ngoma. Sadrack alikuwa anacheza: rundo ya kwanza, yosi! anatingisha kiuno. Ya pili, yosi! Watoto waliitikia. Wateja wa Mama Germaine walipiga meza. Mzee alikuwa anatabasamu. Nadhani tangu gari lisimame hakuna aliyekuwa ameitamka yosi naye.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana. Asubuhi Mama Germaine alikuwa anakaanga mikate nje. Harufu ilitufikia sote. Sadrack alisimama pale pale pa siku zote, akaanza. Ya kwanza, yosi! Ya pili, yosi! Hapo akageuza shingo kwenye mikate, mkono wake ukabaki nyuma unaendelea wenyewe.

"Ya tatu, yosi! Ya nne, yosi! Mama, niwekee tano!"

Akainama, akaingia.

Maji ya usiku yalikuwa yamekula udongo chini ya rundo la nne. Mtu yeyote aliyelitazama angeliona limeinama. Papa René alikuwa upande wa pili. Nilimsikia akipiga kelele, "Ah, ya nne! Sadrack, ya nne!" Gari halikuanguka ghafla. Lilishuka polepole, likilia, kama mzee anayekaa chini. Sadrack alitoka mwili mzima isipokuwa mguu wa kushoto.

Sikumbuki nilivyozungusha jeki. Nakumbuka Mama Germaine amekaa matopeni, kichwa cha Sadrack mapajani mwake, anamwambia, "Mwanangu, angalia miye, usiangalie kule." Nakumbuka mzee ananyooshea kidole jeki, anasema kwa sauti ya chini, "Jeki, yosi. Kigogo, yosi," na safari hii alitazama kila kimoja na mimi nilitazama pamoja naye.

Tulimbeba juu ya mlango wa gari tuliokuwa tumeung'oa, amefunikwa kitenge cha Mama Germaine. Tukavuka mto kwa mtumbwi wa mota. Katikati ya maji alifungua macho akaniuliza, "Yakubu, mikate ilibaki?" Nililia hapo. Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mguu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Monsieur Pierre amekuja. Amemfukuza Papa René mbele yetu. "Michezo ya Wajapani imekwisha, Mzee. Toka."

Mzee hakujitetea. "Ni kweli, chef. Minasikia kila siku kwamba yosi yao ilikuwa muziki tu, bila macho. Minafurahia muziki, sikusema kitu." Akaondoka bila kugeuka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kumwona Sadrack. Nje ya wodi nilimkuta Papa René kwenye beseni, anafua nguo za Sadrack. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliniambia mzee huja kila siku, anavuka mto asubuhi na mapema, anarudi jioni. Mimi ni mwenzake wa kazi na hii ilikuwa mara yangu ya pili.

Nilikaa kando yake nikaanza kukamua. Baada ya shati la pili aliniuliza, "Mujapani, mutamukata lini?"

"Chef ananiuliza mimi. Anasema nichague, kukata gari ama kumaliza kuitengeneza. Kesho anataka jibu."

"Na weye uko na muke anangoja."

"Niko naye."

Akaendelea kufua.

Ndani nilimweleza Sadrack. Nilifikiri atasema katilia mbali hicho chuma. Alinyanyuka kitandani, mweupe kama unga, akasema, "Yakubu, ule Mujapani nimemupa vidole tatu. Basi atembee!"

Wagonjwa wote walicheka, mmoja hadi akashika mshono wake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa nilimwendea Monsieur Pierre. Nilimwambia nitamaliza, ila mzee arudi, na tupewe hadi katikati ya Novemba. Alinitazama sana. "Weye ndiye ulikuwa unalilia Kindu."

Nilikuwa bado naililia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimevuka mto kuchaji simu, nikampigia Safi.

"Leo ni katikati ya Oktoba," alisema kabla ya salamu.

"Nimechelewa kidogo. Mwisho wa Novemba, wallahi."

"Yakubu. Mutoto wako anauliza, namwambia siku. Siku inafika, anakaa kwenye mlango. Usinipe tena siku. Ukiwa ndani ya bateau, niite. Ukiwa njiani kwa mguu, niite. Siku, hapana."

Kisha akaniuliza kama nakula vizuri. Hilo liliniumiza kuliko lile la kwanza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mzee na mimi. Sasa nanyoosha kidole na kutaja, na natazama. Hakuna anayecheza. Watoto wamenuna.

Jumamosi, 1 Novemba

Imewaka!

Tulikuwa tumesahau kuwaambia wateja. Walikuwa ndani wanakula. Injini ilikohoa, moshi mweusi ukafunika stesheni, kisha sakafu nzima ikaanza kunguruma, na vijiko vyote vikalia kwenye pete zake. Baada ya muda mwanafunzi mmoja aliruka na sahani yake: "Maman! Kiti inaungua!" Kumbe mabomba ya joto yalikuwa yameamka. Jua lilikuwa kali nje na Mujapani anawapasha watu joto chini, kwa utii, kama alivyoagizwa kwao.

Mama Germaine alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Papa René alikuwa kwenye chumba chake cha dereva. Alinyoosha kidole mbele kwenye majani, kisha akavua kofia.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumetembea kilomita kumi na kurudi, polepole, bati la theluji linalaza majani. Sadrack amekuja kwa magongo, amekaa mlangoni anaita: "Ubundu, Ubundu! Basafiri, pandeni!" Kila mtu Lubunga amepanda. Nimekaa kwenye kiti cha kijani nikaona miti inarudi nyuma. Tangu Februari sijawahi kukaa kwenye kitu kinachokwenda upande wa nyumbani.

Sikumpigia Safi. Nilikuwa na hamu kubwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua ya siku mbili mfululizo. Mtu wa baiskeli anayesukuma mafuta ya mawese kutoka Ubundu ameleta habari: mbele kidogo ya tulipogeukia, maji yamebeba tuta lote na daraja dogo. Reli zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.

Tumekwenda kuona. Ni kweli. Hakuna wa kulijenga mwaka huu.

Ijumaa, 14 Novemba

Monsieur Pierre hakupiga kelele. Alisema tu, "Mumejaribu. Jumatatu baada ya ijayo, mutakata." Hata alimpa mzee mkono.

Mama Germaine ameanza kushusha sufuria kwenye pete.

Sasa nitakata na nitarudi, ndicho nilichokitaka Septemba. Nimekaa kitandani tangu magharibi na sioni raha.

Jumanne, 18 Novemba

Malewa bado imefunguliwa, sufuria mbili tu. Leo alikula humo tonton Issa, mjomba wa wote, mwenye boti la mbao la Ubundu, linalopandisha watu na mchele hadi Kindu. Alikuwa anamlalamikia Mama Germaine. Injini yake imekufa. Amezunguka Kisangani yote, anaona za malori tu, ndefu, zimesimama. "Ukiweka ile ndani ya bateau yangu, kichwa inakuwa nzito, upepo kidogo na tumepinduka bote."

Kijiko changu kilisimama hewani. Nilikuwa nimekaa juu ya injini iliyolala ubavu.

"Tonton," nilimwambia, "maliza kula. Kisha ulale chini, uangalie kitu."

Alilala matopeni na kanzu yake nzuri. Alikaa chini huko sana. Alipotoka alipima kwa mikono, upana, urefu, akacheka. Papa René aliiwasha. Tonton Issa aliweka kiganja sakafuni, akafumba macho.

Jumatano, 26 Novemba

Mambo yamepangwa. Injini ni ya tonton Issa. Monsieur Pierre anachukua magurudumu na vyuma vizito vya chini, ndivyo vyenye faida. Bati la juu, yaani gari lenyewe na viti vyake, ni jembamba, limeliwa na kutu, halifai gharama ya gesi. Linakaa juu ya matofali, hapo hapo, na linabaki kwa Mama Germaine. Amerudisha sufuria kwenye pete. Sadrack anabaki naye kupokea wateja. Bado anawaita wapande kwenda Ubundu.

Nilimwogopa Papa René. Nilimwendea chumbani mwake nikamwambia, "Papa, tunamutoa moyo."

Akasema: "Kule kwao balimutoa kwenye njia yake. Akafika hapa, akafanya kazi. Akakaa hapa, akapikia batu. Weye unafikiri atakataa maji?" Akavaa kofia. "Lakini iko nzito. Minakwenda nanyi mpaka Ubundu. Hamujui kuiangalia."

Jumanne, 2 Desemba

Tumeweka injini kwenye kitoroli cha reli, tunasukuma. Mzee anatembea mbele, kidole kimenyooka, anataja kila kiungo cha reli. Kwa hiyo tunakwenda kama konokono na hakuna anayelalamika.

Penye tuta lililobebwa walitungoja Wagenya thelathini, wavuvi wa maporomoko, walioitwa na tonton Issa. Walisimika miti mirefu ndani ya maji yaendayo kasi, wakaifunga kwa kamba za mwituni, vile vile wanavyotengeneza majukwaa ya mitego yao. Wakavusha kitoroli, kisha wakabeba injini mabegani juu ya jukwaa hilo, wakiimba. Mmoja alimwuliza mzee, "Papa, huyu mukubwa tunabeba ni nani?" Mzee akamjibu, "Dereva ya bateau."

Alhamisi, 11 Desemba

Ubundu. Injini imelala ndani ya boti kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake. Tonton Issa ameniomba niende nayo hadi Kindu, kuiangalia.

Papa René anarudi Lubunga kesho. Jioni aliingia botini, akanitazama nikikagua. Nilinyoosha kidole. Maji ya kupoza, yosi. Mafuta, yosi. Mkanda. Nilisita, nikauangalia tena, nikaukaza, ndipo nikasema yosi. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akapanda ukingoni. Nilimwuliza kama atamdai Mama Germaine glovu yake.

"Wacha. Sufuria iko moto," alisema.

Jumapili, 14 Desemba

Tumeng'oa nanga asubuhi. Mto hapa ni mpana na mtulivu. Akina mama wamekaa karibu na injini, kwenye magunia, kwa sababu ya joto lake, wanakausha vitenge vyao. Hakuna aliyewaambia.

Penye mtandao nilimpigia Safi. Kabla ya salamu niliinamisha simu kwenye injini.

"Yakubu? Hiyo ni kelele gani? Uko wapi?"

"Niko ndani ya bateau," nilisema.

Injini ikaendelea kuzungumza kati yetu. Kisha alisema polepole, "Sasa unaweza kunipa siku."

Nilitazama mafuta, nikatazama maji, nikatazama mto. Ijumaa, nilimwambia, kabla jua halijazama. Mtoto akae mlangoni.